Discovery na Range Rover Sport za mtumba: yanayosemwa mtaani na yanayokutwa gereji

Land Rover Discovery 3 na 4, pamoja na Range Rover Sport za kwanza (2005 hadi 2013), siku hizi zinauzwa Dar es Salaam na Nairobi kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya upya. Ni magari matamu kuendesha, nami nayapenda. Lakini maneno yanayozunguka kuyahusu yanawatia watu hasara, na mengine yanawaogopesha bila sababu.

"Bei imeshuka, nimeokota dodo." Kilichoshuka ni bei ya gari. Spea zake bado ni za gari la kifahari, na fundi anatumia saa zilezile kulifungua, liwe la mwaka jana au la 2006. Kwenye Discovery 3 na 4 za dizeli, ili kufikia turbo, gereji nyingi hunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chasisi. Hata kama tatizo ni bomba tu lililopasuka huko nyuma ya injini, utalipa siku nzima za kazi. Kama hela yako inatosha kununua tu, bila fungu la matengenezo ya mwaka wa kwanza, nakusihi usilinunue.

"Limetembea kilomita chache, bado bichi." Mpira na plastiki huzeeka hata gari likiwa limepaki. Injini za dizeli za V6, lita 2.7 na 3.0, zina mkanda wa taimingi, unaozifanya valvu na pistoni ziende pamoja, ambao ratiba ya matengenezo ya Uingereza inataka ubadilishwe kwa umri wa miaka 7 hata kama kilomita hazijafika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi ya magari haya yalishuka Mombasa mkanda ukiwa umefika mwisho au unakaribia. Mkanda huo, ulio mbele ya injini, ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Na kuna mkanda wa pili, mdogo, nyuma ya injini, unaozungusha pampu ya presha ya dizeli. Huo wengi hawajui hata kama upo. Ukikatika, gari linazima hapohapo, hata kama uko katikati ya mteremko wa Kitonga. Muulize muuzaji mikanda yote miwili ilibadilishwa lini, na uione risiti. Asipokuwa nayo, hesabu kwamba haijabadilishwa.

"Mfumo wa hewa ni ugonjwa usiopona, ng'oa uweke springi." Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa wanaoung'oa na kwa wanaobaki nao. Mengi ya magari haya hayakai juu ya springi za chuma. Yanakaa juu ya vifuko vinne vya mpira vilivyojazwa hewa na kompresa moja. Mpira ukizeeka unapata nyufa kwenye mikunjo, na hewa huvuja polepole usiku. Asubuhi unakuta gari limechuchumaa kona moja. Unawasha, kompresa inalinyanyua, unaondoka, unasahau.

Kompresa hiyo iliundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Kifuko kinapovuja, inazunguka mfululizo, inapata moto, mwisho inakufa. Mwenye gari anaambiwa kompresa imeungua, anatoa mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru, anafunga mpya. Kifuko bado kinavuja, na baada ya muda hiyo mpya nayo inakwenda. Ndipo anasema mfumo wote ni wa ovyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kompyuta. Chukua maji ya sabuni na brashi, paka kwenye mikunjo ya kifuko na kwenye maungio ya mipira ya hewa, halafu subiri. Povu likianza kutoka, umemwona mwizi. Kompresa ikibadilishwa, ibadilishwe pamoja na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha), kwa sababu rilei iliyochoka inaweza kung'ang'ania na kuiacha kompresa ikizunguka hata gari likiwa limezimwa. Springi za chuma zinawezekana, na kwa anayeishi mbali na fundi anayeujua mfumo huu sitamlaumu, ila ajue anapoteza uwezo wa kulinyanyua gari kwenye njia mbaya na ule ulaini aliolinunulia.

"Mafuta ya gia boksi ni ya maisha, usiyaguse." Maisha ya nani? ZF, Wajerumani waliotengeneza gia boksi ya otomatiki ya gia 6 iliyomo kwenye mengi ya magari haya, wenyewe wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta imejengwa ndani ya sampu ya plastiki (bakuli la mafuta chini ya gia boksi), kwa hiyo fundi aliyemwaga mafuta na kujaza mengine bila kubadilisha sampu ameiacha filta chafu ndani.

"Taa ya injini haijawaka, basi injini ni nzima." Injini ya dizeli ya V6 inajulikana kwa kuharibika metali za konrodi (beringi za mikono ya pistoni) na hata kukatika krenkishafti (mhimili mkuu wa injini), mara nyingi bila kuwasha taa yoyote kabla. Si kila injini itafika huko, na hakuna anayeweza kukuhakikishia yako haitafika. Unachoweza kufanya ni kuitunza kwa oili. Ratiba ya Uingereza iliruhusu takriban kilomita 24,000 kati ya huduma na huduma. Kwa vumbi, joto na foleni zetu, mimi nasema 8,000 na isizidi 10,000, kwa oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Anayetaka kulala usingizi atafute Discovery 3 ya petroli ya V8, lita 4.4. Inakunywa mafuta, lakini inatumia minyororo badala ya mkanda na ina sifa ya kudumu.

"Likichemsha, ongeza maji tu." Kwenye V8 ya lita 5.0 mabomba ya kulanti (maji ya kupoza injini) ni ya plastiki na hupasuka mahali pasipoonekana. Kila safari unayoongeza maji unakaribia kuunguza gasketi ya silinda hedi.

"Ikinoki, nitafunga injini ya mtumba, kazi imeisha." Injini ya dizeli ya mtumba ina umri uleule, mikanda ileile na metali zilezile, na bado itakugharimu maelfu ya dola. Ukilazimika, badilisha mikanda yote miwili ingali chini sakafuni, maana ni kazi nyepesi kuliko ikiwa ndani ya gari. Kisha peleka namba mpya ya injini ikaingizwe kwenye kadi ya gari TRA (mamlaka ya mapato) kwa walioko Tanzania, au NTSA (mamlaka ya usafiri) kwa walioko Kenya, kabla hujafikiria kuliuza.