Kidonda cha jua kisichouma: maswali ninayoulizwa kliniki

Mionzi ya urujuanimno ni nini?
Ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Tabaka la ozoni angani huzuia sehemu kubwa ya ile inayounguza, lakini si yote. Inayopenya huharibu seli za ngozi na macho, na madhara yake hujilimbikiza tangu utotoni.

Si jua linaunguza kwa sababu ya lile tundu la ozoni?
Tundu hilo, lililotangazwa na watafiti mwaka 1985, liko Antaktika. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana huko Montreal kuachana na gesi za majokofu na makopo ya kupuliza zilizokuwa zikilitoboa tabaka hilo, nalo linapona taratibu. Ila hapa kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ni karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hata ozoni ingekuwa nzima kabisa, jua letu lingebaki kali.

Ziwani kuna upepo, jua silisikii.
Upepo hupoza ngozi, mionzi haiondoi. Mchanga mnaoanikia dagaa, na maji yenyewe, huirudisha usoni. Wavuvi wengi huota kinyama kwenye jicho kwa sababu hiyo.

Nina ualbino na nina kidonda sikioni. Hakiumi, nikiache kwanza?
Usikiache. Saratani ya ngozi ikianza mara nyingi haiumi. Nasema tena, haiumi. Wagonjwa wanaofika na kidonda kilichokula nusu ya sikio huniambia neno hilohilo: "Hakikuwa kinauma." Kidonda, gamba au kiuvimbe kikipita wiki nne bila kupona, njoo, kiume kisiume.

Nilipaka GV na dawa ya mganga, kikakauka.
Kimekauka juu. Chini kinaendelea kuchimba, na miezi uliyopaka ndiyo iliyokipa nafasi. Jivu, maji ya betri, majani: acheni, tafadhali.

Naogopa kukatwa.
Kikiwa kidogo, mara nyingi hukatwa kwa ganzi ya pale pale na jioni unalala kwako. Kikichelewa ndipo tunapozungumzia upasuaji mkubwa na mionzi ya tiba. Hofu hiyo ikulete mapema, kwa sababu hakiumi leo haina maana kwamba hakikui.

Losheni ya kukinga jua inatosha?
Haitoshi. Shati la mikono mirefu na kofia pana vinatangulia. Kapelo inaacha masikio na shingo wazi, na huko ndiko ninakokuta vidonda. Kaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Losheni ipakwe upya kila baada ya saa mbili, nayo ni dawa ya mtoto mwenye ualbino: dada zake wasigawane kwa urembo. Wanaojichubua kwa mkorogo wanaiondoa kinga waliyozaliwa nayo.

Naishi kisiwani, hospitali ni mbali.
Anza zahanati ya hapo hapo, uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Usisubiri msimu wa dagaa uishe. Kama wiki nne zimepita, panda kivuko cha kesho asubuhi.