Yanayosemwa Barazani Kuhusu Bastola, na Yalivyo

Unguja mtu anaweza kuzeeka asiione bastola ila kiunoni mwa askari. Labda kwa sababu hiyo maneno yake hayana mwisho. Kuanzia Jaws Corner ya Mji Mkongwe hadi mabaraza ya Wete, Pemba, pakikaa watu na kahawa hakosekani mwenye shemeji aliyewahi kuwa mlinzi, na shemeji huyo alisema hivi na vile. Wachache wanaotafuta kibali cha kumiliki, kama mwenye duka la kubadilisha fedha au mwenye hoteli pwani ya mashariki, hufika kwa muuzaji wakiwa wameshachagua toleo kwa maneno hayo hayo, hata hawajaishika.

Hapa mfano wangu zaidi utakuwa Glock, kwa kuwa matoleo yake ni mengi na vipimo vyake vinajulikana, ila bastola za Beretta, CZ na Tokarev nazo zitaingia.

"Asiyezoea achukue ndogo, ndiyo rahisi."

Hili ndilo linaloaminiwa kuliko yote, na ndilo linalopotosha zaidi. Glock 17 ilichaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, na mtutu wake una urefu wa milimita 114. Glock 19, iliyofuata mwaka 1988, ina mtutu wa milimita 102. Glock 26, iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, ina milimita 87 tu. Zote tatu zinatumia risasi ile ile ya milimita tisa, inayoandikwa 9x19. Maana yake ni kwamba nguvu inayorudi nyuma haipungui kwa sababu umbo limepungua. Kinachopungua ni uzito wa kuituliza nguvu hiyo, kwa hiyo teke la bastola ndogo mkono unalisikia zaidi.

Kisha kuna mpini. Wa Glock 26 ni mfupi kiasi kwamba mtu wa kiganja cha kawaida hubaki na kidole cha mwisho kinaning'inia, hakina pa kushika. Na kilengeo cha mbele kimesogeleana na cha nyuma, hivyo mkono ukitikisika kidogo tu kosa huonekana kubwa kwenye shabaha. Mpiga shabaha mzoefu huyamudu yote hayo. Mgeni ndiye anayeumia, na mgeni ndiye anayeshauriwa kuichukua!

Sifa ya kweli ya bastola ndogo ni moja: kufichika. Lakini nayo ina masharti yake kwetu. Bastola, ndogo au kubwa, hutaka mkanda mgumu unaoshika ala, yaani mfuko wa kuichomekea, isiyoyumba, na iwe mahali ambapo mkono unafika. Aliyevaa kanzu na msuli ndani, mkanda huo anaufunga wapi? Na akiisha kuufunga, atapandisha kanzu mpaka kifuani ndipo aifikie? Nimewasikia wanaume wakisifia udogo wa 26 bila kujiuliza hilo hata mara moja. Kwa bastola itakayokaa ndani ya kabati la chuma la ofisi, mimi sioni sababu ya kununua ndogo. Ya katikati, 19, inamfaa anayelazimika kutembea nayo na pia kuilenga vizuri, na ndiyo maana vikosi vingi vya polisi duniani vinaitumia.

Hapo hapo kuna jambo la magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, ambalo watu hulielewa kinyume. Ya 17 hubeba risasi 17, ya 19 hubeba 15, ya 26 hubeba 10. Magazini ndefu ya 17 inaingia na kufanya kazi katika 19 na 26, ikitokeza tu chini ya mpini. Fupi ya 26 haifai katika 17, kwa sababu haifiki juu inakotakiwa kufika.

"Milimita tisa ni milimita tisa."

Sio. Ipo 9x19, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo inayotumiwa na bastola nyingi za leo. Ipo 9x18 ya Makarov, bastola iliyoingia jeshi la Kisovieti mwaka 1951. Ipo pia 9x17, fupi zaidi. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na hata namba ya kwanza si ya kuaminika sana: kichwa cha risasi ya Makarov kwa kweli kina unene unaozidi milimita 9.2, wakati cha 9x19 ni kama 9.0. Ukizichanganya, ukiwa na bahati risasi itakwama. Ukikosa bahati ganda litapasuka ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa.

Mtego mkubwa uko kwenye bastola zinazofanana kwa sura. Tokarev ya asili, TT-33 ya Warusi, na nakala yake ya China, hutumia risasi ya 7.62x25. Lakini China na iliyokuwa Yugoslavia zilitengeneza pia matoleo ya kuuza nje yanayotumia 9x19. Ziweke mbili mezani, na asiyejua hatoziona tofauti. Kinachosema kweli ni maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au ubavuni, na pakiwa na shaka yoyote, fundi wa silaha aikague. Boksi la risasi si shahidi, kwa sababu boksi hubadilishwa.

"Kitufe cha pembeni ni sefti, basi."

Sefti ni kizuizi cha kuifunga bastola isifyatuke. Hapa ndipo herufi moja mwishoni mwa jina la toleo inapokuwa na uzito kuliko mambo yote ambayo watu hubishania. Chukua Beretta 92. Katika toleo la FS, ukishusha kiwiko kilicho ubavuni, ndicho hicho kitufe cha pembeni, nyundo ya nyuma inayoigonga pini inashuka bila kupiga na bastola inabaki imefungwa mpaka wewe mwenyewe ukirudishe juu. Katika toleo la G, kiwiko kile kile, mahali pale pale, hushusha nyundo halafu hujirudia chenyewe. Bastola iko tayari kufyatuka. Toleo la D halina kiwiko kabisa. Mlinzi aliyefunzwa kwa FS akikabidhiwa G bila kuambiwa, ataamini ameifunga na hajaifunga.

CZ 75 nayo ni hivyo hivyo. Toleo la B lina sefti ya kweli, unayoweza kuiweka nyundo ikiwa imevutwa nyuma. Toleo la BD lina kiwiko cha kushusha nyundo tu. Ukinunua bastola mbili kwa ajili ya walinzi wawili wa zamu moja, zisipishane hata kwa herufi.

Na Glock? Watu husema haina sefti. Haina kiwiko cha nje, ni kweli. Ndani ina vizuizi vitatu: ulimi mdogo ulio juu ya triga, pale kidole kinapovuta, kizuizi cha pini ya kupigia, na kingine cha kuizuia isifyatuke ikianguka. Vyote vitatu huachia pindi triga inapovutwa, na triga haijali imevutwa na kidole au na pindo la shati lililonasa wakati bastola inarudishwa kwenye ala. Kwa sisi wa nguo pana hilo si la kupuuza. Tokarev ya asili ndiyo isiyo na sefti kwa maana hasa: ina kituo cha nusu tu pale nyundo inapovutwa kidogo. Sefti ya kiwiko iliongezwa kwenye baadhi ya matoleo ya kuuza nje.

"Magazini imetoka, bastola tupu."

Watu wamekufa kwa sentensi hii. Risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba haitoki pamoja na magazini. Imani hii ina asili, maana yapo matoleo ambayo kweli hayafyatuki bila magazini: Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ilijengwa hivyo, na aliyejifunzia hiyo hubaki na mazoea. Glock haikujengwa hivyo. Makarov haikujengwa hivyo. Tokarev ya asili pia hapana. Toa magazini, vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, angalia kwa jicho, kisha pitisha kidole kwenye chemba, maana usiku jicho hudanganya.

"Inajipiga yenyewe mpaka magazini iishe."

Hiyo ni bunduki ya rashasha. Katika bastola hizi, triga ikivutwa mara moja hutoka risasi moja. Kinachojiendesha ni kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Glock 18 hupiga mfululizo, lakini hiyo si ya raia.

"Ni plastiki, haionekani uwanja wa ndege wala haishiki kutu."

Fununu ya kwanza ilivuma sana Marekani miaka ya 1980, hata mwaka 1988 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku silaha zisizoonekana kwenye mashine, na mwaka 1990 filamu moja ikaipamba zaidi kwa kusema bastola hiyo ni ya kauri. Ukweli ni kwamba plastiki ni kiunzi na mpini. Mtutu, slaidi, springi na pini ni chuma, na ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito wake. Mashine ya uwanja wa Abeid Amani Karume inaiona kama inavyoona panga.

Ya kutu ndiyo inayotugusa zaidi. Wauzaji huleta maneno yaliyoandikwa kwa nchi kavu, sisi tunaishi na hewa ya chumvi mwaka mzima, na masika huongeza unyevu juu yake. Kiunzi cha plastiki hakitashika kutu, sawa. Slaidi ya Glock ina ngozi ngumu inayoilinda sana, lakini springi na pini ndogondogo hazilindwi kiasi hicho, na zinakula kutu kimya kimya kama boliti za mashine ya boti. Hata toleo la chuma cheupe, lile linalouzwa ghali kwa madai kwamba halishiki kutu, hushika, linachelewa tu. Kosa baya kuliko yote ni kuiacha ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na unyevu ikaushikisha kwenye chuma usiku kucha. Ipanguswe, ipakwe mafuta kidogo, ikae ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, nje ya ala. Mafuta yakizidi nayo hukusanya vumbi na mchanga. Risasi pia huharibika, kwa hiyo zilizokaa miaka mingi kwenye unyevu zisitegemewe.

"Toleo jipya ndilo kali."

Kizazi cha nne cha Glock, cha mwaka 2010, kilileta migongo ya mpini inayobadilishwa kulingana na kiganja, na kitufe cha magazini kinachohamishika upande wa pili. Cha tano, cha mwaka 2017, kiliondoa mabonde ya vidole mbele ya mpini na kikaweka kiwiko cha slaidi pande zote mbili. Anayetumia mkono wa kushoto ana sababu ya kulipa zaidi. Aliyebaki analipia upya wake tu. Risasi ni ile ile, na kizazi cha tatu kilichotunzwa bado kinafanya kazi bila lawama.

"Nina kibali, nikiichoka nabadilishana na mwenzangu."

Kibali hutolewa kwa silaha iliyoandikwa, aina yake na namba yake iliyochongwa, na polisi, ambao ni jambo la Muungano, wanaishikilia namba hiyo Ziwani, makao yao makuu ya Zanzibar, kama wanavyoishikilia Dar es Salaam. Glock 19 ya mwenzako ni silaha nyingine kwa macho ya sheria hata ikiwa pacha wa yako. Kwa hiyo kuishika mkononi, kuipima kwenye kiganja na kusoma herufi ya mwisho ya jina lake ni kazi ya kabla fomu haijajazwa.