Acheni kuuliza "pesa za hospitali zilienda wapi", ombeni karatasi

Wiki iliyopita nimeletewa barua nyingine. Kurasa nne, imeandikwa kwa uchungu wa kweli. Mama ameuguza mtoto kwenye hospitali ya kaunti, kila dawa aliyoandikiwa anaambiwa aende akanunue kemisti ya nje, sasa anataka kutumia sheria ya habari kuibana hospitali. Swali la kwanza: "Pesa za dawa zilienda wapi?" La pili: "Nani amekula?" Yalikuwa kumi na moja hivyo hivyo. Jibu alilopata ni mstari mmoja, ati malalamiko yake yamepokelewa na yanashughulikiwa. Akaja kwangu ameshakata tamaa, anasema hii sheria ni ya bure.

Sheria iko na inafanya kazi, shida ilikuwa barua. Na hili nimelisema mara nyingi sana kwa watu ninaowasaidia kuandika maombi haya hapa Kenya, kwa hivyo leo naliandika lote nikiwa nimechoka kulirudia kwa simu.

"Sheria inanipa haki ya kuuliza pesa zilienda wapi"

Hapana. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kupata habari ambayo ofisi ya umma INAYO. Inayo maana yake iko kwenye faili, kwenye kompyuta, kwenye daftari la stoo. Haikupi haki ya kuelezwa, kuombwa radhi, wala kujibiwa "kwa nini". Ukiandika "kwa nini hakuna dawa" umewapa mlango wa kutokea, wataichukua barua yako waipeleke kwa meza ya malalamiko na hapo ndipo itakapolala, na hutaweza hata kuwalaumu vizuri kwa sababu kweli umelalamika.

Sasa fikiria huyo mama angeandika hivi (KEMSA ni shirika la serikali linalosambaza dawa hospitalini, na S13, S3 na S11 ni fomu za stoo za serikali): "Naomba nakala za delivari noti na invoisi zote za KEMSA zilizopokelewa na hospitali kati ya tarehe 1 Julai na 30 Septemba, nakala za S13 za kupokea mzigo huo stoo, kadi za S3 za dawa hizi tano nilizozitaja, na S11 zote za famasi kuchukua dawa hizo stoo kwa kipindi hicho hicho." Basi. Hakuna mwizi aliyetajwa, hakuna matusi, hakuna hata neno "ufisadi". Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi stoo ya serikali akiisoma hiyo barua anajua amepata mtu anayejua anachokitafuta. Delivari noti inasema katoni ngapi zilishuka kwenye gari. S13 inasema ngapi stoo walikubali wamezipokea. Kadi ya S3 inasema zimebaki ngapi kila siku, S11 inasema famasi ilipewa ngapi. Ukizipanga hizo karatasi mezani swali lako la "zilienda wapi" utajijibu mwenyewe, na kama kuna pengo utaliona liko hatua gani.

Hiyo ndiyo dawa yangu na sitaiacha: taja karatasi kwa jina lake, taja tarehe, taja kipindi. Na kipindi ukitaje kwa mwaka wa fedha tafadhali, mwaka wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, ukiomba "hesabu za 2024" umeomba nusu ya mwaka mmoja na nusu ya mwingine na mhasibu atakuambia hana kitu kama hicho, na atakuwa anasema ukweli. Andika 2023/24, ikiwezekana andika na robo ya mwaka.

Kuna jambo lingine linalofanya watu wapotee hapa, hawajui pesa za hospitali zinapitia milango tofauti. Mishahara na ujenzi kwa kawaida viko kwenye bajeti ya kaunti, kwa hivyo ukimwomba medisupu, yaani daktari msimamizi wa hospitali, orodha ya mishahara atakutuma makao makuu. Lakini bili tunazolipa pale dirishani, na malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali ambayo imechukua nafasi ya NHIF tangu 1 Oktoba 2024, hizo ni pesa za kituo chenyewe, ile sheria ya FIF ya 2023, ya pesa zinazokusanywa na vituo vya afya vya umma, inasema hospitali ibaki na inachokusanya na iwe ni nyongeza juu ya bajeti yake, si kwamba kaunti izizoe. Kwa hivyo makusanyo unayaomba hospitalini: ripoti ya FIF ya robo mwaka, stetimenti ya benki ya akaunti hiyo, daftari la fedha, vocha za malipo. Dawa nyingi zinatoka KEMSA na zina makaratasi yake kama nilivyosema. Misaada ya wafadhili ina ripoti zake tena. Nimeona mtu ameandikia hazina ya kaunti akiomba makusanyo ya hospitali moja, ameambiwa hawana, akaamini zimeibwa zote. Alibisha mlango wa jirani.

Hata hivyo ukikosea mlango sheria imekufikiria: ofisi ambayo haina habari hiyo inatakiwa kulihamisha ombi lako kwa ofisi iliyonayo ndani ya siku 5 na wakujulishe. Wengi hawafanyi. Wakumbushe kwenye barua yenyewe.

Na ile barua ya "nipeni hesabu zote za hospitali tangu ugatuzi uanze 2013"? Msiandike. Najua hasira inataka hivyo. Ukiomba rundo la miaka kumi unawapa sababu halali ya kuongeza muda, na mwisho utaletewa makaratasi ya kujaza chumba ambayo huwezi kuyasoma. Omba robo moja ya mwaka, dawa tano. Ukipata pengo, omba robo inayofuata. Polepole hivyo hivyo.

"Hawakunijibu, basi imeisha"

Hii ni ya pili kwa kuniumiza, kwa sababu watu wanaachia pale pale ambapo sheria inaanza kuwa na meno. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, na ni kama habari ni nyingi au lazima waulize kwingine. Zikipita bila jibu sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Kimya ni kukataliwa. Na ukishakataliwa una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, ile tume tunayoiita CAJ inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kuomba uamuzi uangaliwe upya, na tume ina nguvu ya kuamrisha habari itolewe, na asiyeridhika aende Mahakama Kuu.

Sasa mtu anakaa miezi saba akisubiri "labda wako bize" halafu ananipigia simu. Siku 30 zimepita zamani! Tume inaweza kukuongezea muda lakini hiyo ni kuomba huruma wakati ulikuwa na haki mkononi. Weka alamu kwa simu siku ya 22. Siku hiyo hiyo anza kuandika kwa tume. Ambatisha nakala ya ombi lako na ushahidi kwamba lilifika, na hapa ndipo wengi wanaanguka, hawana muhuri. Nenda na nakala mbili, moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe papo hapo ukiwa umesimama hapo mapokezi. Kukataa kupokea ombi na kukosa kujibu kwa wakati ni makosa ya jinai kwenye sheria hii, kifungu cha 28, faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 3 au vyote viwili. Si lazima uwatishe nayo. Ijue tu.

"Wameniambia nieleze sababu ya kutaka"

Kifungu cha 4 kinasema haki yako haiguswi na sababu utakayoitoa wala na kile ofisi inachodhani ndiyo sababu yako. Usieleze. Nawaona mnajieleza aya mbili za kwanza, mimi ni mkaazi wa hapa, ni mlipa kodi, nimeguswa sana na hali, acheni. Jina, anwani, namba ya kitambulisho ya kuonyesha wewe ni raia, na karatasi unazotaka. Kampuni au shirika linalodhibitiwa na Wakenya pia linaruhusiwa, kabla ya 2016 kulikuwa na uamuzi wa mahakama uliosema haki hii ni ya watu binafsi tu lakini sheria ilipokuja ikalipanua hilo.

"Mkataba ni siri ya biashara"

Hili mnaambiwa na maofisa wenyewe na mnalikubali haraka mno. Kweli kifungu cha 6 kinalinda maslahi ya kibiashara, lakini sheria hiyo hiyo kifungu cha 5 inasema ofisi ya umma ikishasaini mkataba INATAKIWA kutangaza yenyewe, bila kuombwa: nini kimenunuliwa au kukodiwa, kwa pesa ngapi, nani amepewa tenda, na kazi itaisha lini. Siri inawezaje kuwa kitu ambacho sheria inaamuru kitangazwe? Bei ya jumla na jina la saplaya hawana pa kukuficha.

Mnajua tulichokiona bila uwazi huo. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kukodisha mashine za matibabu kwa hospitali 98, mbili kila kaunti na zingine za kitaifa, kaunti zikawa zinakatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka halafu ikapanda hadi milioni 200, na magavana wenyewe wakawa wanalalamika hawajaonyeshwa mikataba wanayokatwa kwayo. Hospitali zingine mashine zilikaa zimefunikwa kwa sababu hakuna umeme wa kutosha au hakuna wa kuziendesha. Kwenye SGR, ile reli mpya ya kutoka Mombasa, serikali pia ilisema mikataba ni siri, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru itolewe kwa waliokuwa wameiomba. Kwa hivyo ukiambiwa "siri ya biashara" usirudi nyumbani, uliza kwa maandishi: ni aya gani hasa ya mkataba, na itamdhuru nani vipi? Nimeona ofisi zikilegea kwa swali hilo tu.

Zingine nitazipitia haraka.

Ati lazima wakili na lazima Kiingereza. Kifungu cha 8 kinasema kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili! Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, afisa anatakiwa kumsaidia kuandika ombi. Na hawawezi kukukatalia kwa sababu tu hukutumia fomu yao.

Ati kuna ada. Kuomba ni bure, wakikutoza ni gharama ya nakala na kuzituma, na isizidi gharama yenyewe. Ukiombwa "ya kufungua faili" omba risiti na unukuu kifungu cha 12.

Ati hospitali ni suala la maisha kwa hivyo wajibu ndani ya saa 48. Hiyo ni kwa habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu, mfano mgonjwa anahitaji rekodi zake ahamishwe leo. Vocha za malipo haziingii hapo. Mkiitumia ovyo mnawaharibia wanaoihitaji kweli.

Ati sheria ya kulinda data ya 2019 imefunga kila kitu. Inalinda taarifa za watu binafsi, majina ya wagonjwa na magonjwa yao, na ni sawa kabisa, wala huyahitaji. Andika wewe mwenyewe kwenye ombi: "sihitaji majina ya wagonjwa, yafutwe, nahitaji kiasi na tarehe." Hapo umeshaondoa kisingizio kabla hakijazaliwa. Hata kwenye bili zilizosamehewa, omba idadi na jumla ya pesa kwa mwezi, usiombe nani kasamehewa.

Ati hospitali ya misheni haihusiki. Taasisi binafsi inayopokea pesa za umma au kutoa huduma ya umma imo ndani ya sheria hii, na malipo ya SHA hayaanguki kutoka mbinguni. Andika ombi, uone watasema nini.

Halafu hii moja, kabla hamjaandika barua yoyote someni kwanza kile ambacho kiko wazi tayari, kwa sababu ofisi hailazimiki kukupa kitu unachoweza kukipata kwingine kwa urahisi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zipo, na sasa hospitali nyingi za kaunti za levo ya 4 na ya 5 zina ripoti zao wenyewe, ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zinatoka kila robo mwaka kaunti kwa kaunti. Mkaguzi mara nyingi ameshaandika "vocha za kiasi fulani hazikuletwa kukaguliwa". Yaani amekuonyesha karatasi gani haipo! Chukua namba hiyo ya aya, iweke kwenye ombi lako, omba vocha hizo hizo.

Yule mama tumeandika naye upya jana, ukurasa mmoja, Kiswahili. Robo ya Julai hadi Septemba, dawa tano alizoambiwa akanunue nje. Nakala yake imegongwa muhuri na alamu ya siku ya 22 nimemwekea mwenyewe kwenye simu yake.