Krenkishafti Kuzunguka kwa Mkono Hakuthibitishi Nafasi ya Beringi

Kwa muda mrefu mafundi wamerithishana imani kwamba, beringi mpya zikishafungwa na krenkishafti, yaani mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ikazunguka kwa mkono bila kukwama, basi nafasi kati yake na beringi iko sawa. Imani hiyo ina nusu ya ukweli: krenkishafti inayokwama hakika ina kasoro, lakini inayozunguka kwa wepesi haijathibitisha lolote, kwa kuwa mkono hauwezi kutofautisha nafasi ya milimita 0.04 na ya milimita 0.08.

Kwa oili, tofauti hiyo ni kubwa mno. Presha ikiwa ileile, uvujaji wa oili kupitia nafasi hiyo hukua kwa kipeo chake cha tatu, hivyo nafasi ikiongezeka maradufu uvujaji huwa takriban mara nane, presha ya oili hushuka, na injini huanza kugonga.

Nyumbani, kipimo rahisi ni uzi laini wa plastiki uliotengenezwa kwa kazi hii. Futa oili yote, laza kipande cha uzi kwenye jonali, yaani sehemu inayokaa ndani ya beringi, kikielekea urefu wa krenkishafti, kisha kaza kifuniko cha beringi kwa spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, hadi kiwango cha mtengenezaji, bila kuizungusha krenkishafti hata kidogo. Ukifungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na skeli ya pakiti. Uzi mpana zaidi humaanisha nafasi ndogo zaidi. Hata hivyo, uzi hupima upande mmoja tu, na jonali iliyolika isivyo sawa hugunduliwa kwa maikromita, kifaa cha kupima vipimo vidogo sana, kipenyo kikipimwa pande kadhaa.