Opsheni za kiwandani kwenye gari la zamani: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Dhana inayoponza wengi ni hii: namba ya chesisi itakwambia kila kitu. Haikwambii. Zile herufi na tarakimu 17 tulizozoea zimeanza na modeli za 1981 kule Marekani, kabla ya hapo kila kampuni ilikua na mpangilio wake. Chukua Chevrolet Camaro ya 1969, namba inasema mwaka wa modeli, aina ya bodi, ni V8 au silinda sita, imetoka kiwanda gani na ilikua ya ngapi kwenye foleni, basi, V8 ipi hapo hakuna, kwahiyo mtu akikuonyesha namba peke yake akadai ni Z/28 orijino (ile Camaro ya spoti yenye V8 yake maalum) mwambie alete karatasi. Pontiac GTO ndo usiseme, ya 1964 na 1965 ilikua opsheni tu juu ya LeMans, modeli nyingine ya Pontiac, imekua modeli inayojitegemea 1966, na watu wamegeuza LeMans nyingi sana kuwa GTO.

Wengine wanasema ipo kwenye broshua, basi imetoka kiwandani. Hapana jamani. Broshua zilichapwa mapema, mambo yakabadilika katikati ya mwaka, alafu opsheni na aksesori ni vitu viwili: opsheni imefungwa gari likiwa bado linaundwa, aksesori imefungwa na dila, na redio au AC ingeweza kuja kwa njia yoyote kati ya hizo. Mimi aksesori ya dila ya enzi zile naipenda kabisa, ila usiiuze kwa jina la kiwanda.

Hapa ndo uwashe tochi uangalie matundu. Tundu la antena la kiwandani mara nyingi limetobolewa kwa mashine kabla ya rangi, ukingo umenyooka na praima imeingia mpaka ndani, la drili unakuta vijino vya chuma, rangi imebanduka na kutu imeanza kula pembeni. Nyaya nazo zinaongea, soketi ya kiwanda inaingia kwenye waya mkuu bila kukatwa, ukiona waya umechunwa ukazungushiwa tepu ujue kuna mkono umepita.

Kibati cha mlangoni nacho watu wanakiamini kupita kiasi. Kile cha Ford Mustang kinakupa rangi, ndani kulivyo, gea boksi na rashio ya difu, ila redio au AC huikuti pale, na vibati vipya vinatengenezwa mpaka leo so angalia na riveti, zile pini zinazokishikilia. Injini hivohivo: kama tarehe iliyoandikwa kwenye bloku ilipomiminwa ni ya baada ya gari kuundwa, hiyo injini imekuja baadae hata namba zikae vizuri vipi.

Na ile ya "karatasi zimepotea, hakuna namna". Ipo. Ford ya kuanzia 1967 rekodi zake zinapatikana kwa kampuni ya Marti Auto Works ya Marekani, Volkswagen unaandikia jumba lao la makumbusho Wolfsburg, MG na Austin kumbukumbu zipo Gaydon, Uingereza. Kabla hujaandika popote toa siti ya nyuma, papasa kwenye springi, angalia na juu ya tenki la mafuta, magari mengi ya Marekani yalibaki na shiti ya oda humo, yaani karatasi ya kiwandani iliyoorodhesha opsheni za gari, imekua kahawia na panya wameitafuna kona. Ukiipata linganisha namba yake na ya gari kwanza, maana wafanyakazi walikua wanachanganya na unaweza ukawa umeshika shiti ya gari lililokua mbele yake.