Uza Mavuno, Kihamba Kibaki: Umiliki wa Kazi kwa Watengenezaji Filamu wa Kujitegemea

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Uru alifika kwenye dawati letu la ushauri wa sheria hapa Moshi akiwa na mkataba wa kurasa mbili ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa amemaliza filamu ya dakika 80, aliyoigharamia kwa akiba ya miaka mitatu ya kupiga video za harusi na vipaimara. Waigizaji wake walikuwa majirani, na sehemu kubwa ya picha zilipigwa nyumbani kwa bibi yake. Kampuni moja ya usambazaji ilikuwa imemtajia bei ambayo, kwa mtu mwenye madeni, si ya kudharau. Alitaka tumwambie jambo moja tu: kama sahihi inawekwa mwishoni au kwenye kila ukurasa.

Tulimwomba tusome naye kifungu cha nne. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na maana yake kwa Kiswahili ilikuwa hii: mtengenezaji anahamishia kwa mnunuzi haki zote za filamu, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki, kwa njia zote za usambazaji zilizopo sasa na zitakazobuniwa baadaye. Ni sentensi moja tu, lakini ilituchukua saa nzima, na naamini kila anayeshika kamera katika mkoa huu anapaswa kuipa saa kama hiyo kabla ya kushika kalamu.

"Haki zote" haziishii kwenye picha alizokuwa amezihariri. Zinaweza kusomwa kuwa ni pamoja na skripti, wahusika aliowabuni, sehemu ya pili ya hadithi, na tamthilia ya televisheni inayoweza kutokana nayo. "Duniani kote" ni maneno ambayo kampuni yenye wateja Dar es Salaam na Nairobi pekee haiyahitaji, ila inayachukua kwa sababu hayana gharama kwake. "Muda wote wa hakimiliki" nao ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani: Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unataka filamu ilindwe kwa angalau miaka 50 tangu ionyeshwe kwa umma. Kijana huyu ana miaka 26.

Maneno ya mwisho, yale ya njia zitakazobuniwa baadaye, ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Waliouza masta zao, yaani nakala mama za filamu, wakati wa kanda za VHS hawakuwa na namna ya kujua kwamba mwaka 2005 ingeanzishwa YouTube, na kwamba kazi waliyoiuza mara moja ingeendelea kumwingizia mtu mwingine fedha kila inapotazamwa. Leo hatujui kinachofuata, lakini dalili tunaziona. Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma kwa siku 148 mwaka 2023, waigizaji nao wakagoma kwa siku 118, na moja ya hoja kubwa za migomo yote miwili ilikuwa akili unde: nani ana ruhusa ya kutumia maandishi, sura na sauti ya mtu kutengeneza kazi nyingine bila yeye mwenyewe kuwapo. Mkataba unaotoa kila njia itakayobuniwa unaweza kumpa mnunuzi pa kuanzia hoja kwamba ruhusa hiyo ilikwisha kutolewa, na hapa Moshi, kwa sahihi ya mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Nilimuuliza kijana kama kwao wana kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Akacheka, kwa kuwa swali lilikuwa la ajabu. Mchaga wa mlimani kukosa kihamba ni habari. Nikamuuliza tena kama baba yake amewahi kukiuza. Akasema kahawa huuzwa kila msimu, ndizi huteremshwa Mbuyuni kila siku ya soko, majani hupewa jirani mwenye ng'ombe, lakini kihamba hakiuzwi, hasa kwa mtu wa nje ya ukoo. Basi hakimiliki ndiyo kihamba. Fedha inayoingia kwa kuonyesha filamu kwenye televisheni, kwenye majukwaa ya intaneti, kwenye mabasi ya mikoani au katika ukumbi ni mavuno, na kila njia kati ya hizo ni zao lake, lenye mnunuzi wake na bei yake.

Kwa lugha ya sheria, kuuza kihamba ni kuhamisha haki, na kuuza mavuno ni kutoa leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua njia zote mbili, na mtengenezaji ana hiari ya kuchagua. Leseni nzuri hutaja mambo matatu bila kuacha nafasi ya kubahatisha: matumizi gani, nchi zipi, na kwa muda gani. Ikiwa mnunuzi anataka awe peke yake katika matumizi hayo, iandikwe hivyo, na bei ipande. Vilevile, iandikwe siku ambayo haki zitamrudia mwenyewe. Ombi hilo si la mtu asiyejua biashara: mwongozaji Mmarekani Ryan Coogler, alipokubaliana na Warner Bros. kuhusu filamu yake iliyotoka mwaka 2025, aliweka sharti kwamba baada ya miaka 25 umiliki umrudie. Najua Coogler ana nguvu ambayo kijana wa Uru hana. Lakini miaka 25 ni mirefu, na wasambazaji wadogo mara nyingi hukubali mitatu au mitano wakiombwa, tena kwa adabu.

Muda mfupi humlinda mtengenezaji pia dhidi ya mnunuzi anayebadili mwelekeo. Januari 2024 Prime Video, jukwaa la filamu la Amazon, ilitangaza kuacha kuagiza kazi mpya za Afrika, baada ya miaka michache tu ya kuzitafuta kwa bidii. Kampuni inapofunga mlango, aliyekuwa ametoa leseni ya muda huisubiri iishe na kupeleka filamu yake kwingine, ilhali aliyehamisha haki zote hubaki akiomba kazi yake mwenyewe kwa watu wasiopokea tena simu.

Kabla ya kufika kwa mnunuzi kuna kazi ya nyumbani, na hapa ndipo ninapoona mashauri mengi zaidi. Hakimiliki huanza pale kazi inapotengenezwa, bila kungoja cheti. Wazo lililosimuliwa kijiweni halilindwi. Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, hukupa ushahidi wa maandishi siku ya ubishi. Kibali cha Bodi ya Filamu ni kitu kingine kabisa: kinahusu ruhusa ya kupiga picha na kuonyesha, na hakimthibitishii mtu umiliki. Nimewaona watu wazima wakikileta kama hati ya shamba.

Kisha kuna wenzako. Aliyeandika skripti ni nani, na alikupa kwa maandishi? Mjomba aliyetoa milioni mbili alikopesha, alichangia, au alinunua hisa? Mpiga picha aliyekubali kulipwa "tukishauza" anadai asilimia ngapi, na ya nini? Katika kundi la marafiki maswali haya yanaonekana kama kutoaminiana, na kwa sababu hiyo hayaulizwi mpaka fedha ya kwanza iingie. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila mshiriki, wenye tarehe, kazi aliyofanya, malipo yake na sahihi, unatosha kuanzia. Muziki nao usisahaulike. Mdundo uliochukuliwa bila ruhusa unaweza kuwa umesajiliwa na mwenyewe katika mfumo wa YouTube wa kutambua kazi, na hapo mapato ya filamu nzima yakaelekezwa kwake.

Sitaficha kwamba leseni yenye mipaka huleta fedha kidogo mwanzoni. Mwenye ada ya mtoto ya kulipa wiki hii hawezi kuambiwa asubiri, na wapo walioniambia hivyo wakiwa na haki. Ushauri wangu kwao ni kukata kipande: toa haki za televisheni kwa miaka miwili, chukua malipo, na uache zilizobaki mkononi. Njia nyingine ni kuungana. Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika, ikafuata mwaka 1933, kwa sababu mkulima mmoja mwenye magunia mawili hapangi bei. Watengenezaji watano wenye filamu tano, wakienda kwa mnunuzi mmoja na mkataba wa aina moja, husikilizwa tofauti na mmoja aliyekwenda na bahasha yake.

Kijana alirudi wiki mbili baadaye. Mnunuzi alikuwa amekubali miaka minne na nchi za Afrika Mashariki, akapunguza bei kwa theluthi, na sehemu ya pili ya hadithi ikabaki Uru.

Wiki hiyohiyo alikuja mama mmoja wa Majengo, mwigizaji na mtayarishaji wa enzi za VCD, ambaye filamu yake imepandishwa YouTube na mtu asiyemfahamu. Alikuwa na hakika kwamba hana lake, kwa kuwa aliiuza zamani. Tulimwomba alete karatasi yoyote aliyonayo. Alileta hati ya nusu ukurasa, iliyoandikwa kwa mkono na kukunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kuachia, inayosema amempa mnunuzi "kusambaza VCD na DVD, Tanzania Bara". Haikutaja kitu kingine chochote, na kwa msingi wa mikataba ya aina hii, ambacho hakikutajwa hakikutolewa. Tuliipiga picha karatasi ile pande zote mbili, tukaiambatisha na ombi la kuiondoa filamu, na mama akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni.