Muswada asubuhi, rangi mchana: kitabu cha picha kinavyotengenezwa mezani

Anayeandika na kuchora kitabu cha watoto peke yake ana faida moja kubwa: hamwombi mtu ruhusa ya kufuta sentensi ambayo picha imeshaisema. Faida hiyo ndiyo inayopanga siku yangu ya kazi hapa Dar es Salaam. Asubuhi, kabla mtaa haujachangamka, ni maneno. Mchana ni penseli na rangi. Jioni ni skana na kompyuta. Swali la vipindi vyote vitatu ni lilelile: jambo hili liandikwe, au lichorwe?

Kwanza kunja karatasi. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa chapa ikikunjwa hutoa kurasa 16, na karatasi mbili zikatimiza hesabu. Vitabu vya bei nafuu hubanwa kwa pini katikati na huwa na kurasa 16 au 24. Kwa hivyo sharti ni moja tu, idadi igawanyike kwa 4. Chukua karatasi 8 za A4, ziweke pamoja, zikunje katikati, zibane, kisha andika namba kila ukurasa. Hicho ndicho kitabu cha mfano, na kinatangulia hata muswada kukamilika. Ukurasa wa 1 una jina la kitabu, wa 2 hakimiliki na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), wa 3 unatosha tabaruku na mchoro mdogo. Hadithi ikianzia ukurasa wa 4 na kuishia wa 31, una jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Ukurasa wa 32 unabaki peke yake, na ni mahali pazuri pa kichekesho cha mwisho.

Namba witiri hukaa kulia. Maana yake ni kwamba mtoto hufunua baada ya kusoma ukurasa witiri, na lolote linalotakiwa kumshtua lazima limsubiri upande wa pili, kwenye namba shufwa. Tuseme ukurasa wa 11 unaishia hivi: "Chura akaruka juu, juu, juu kabisa, halafu..." Ukurasa wa 12 una neno moja: "Chubwi!" Ukiweka hayo mawili kwenye kurasa zinazotazamana, hujabaki na kitu. Jicho la mtoto huikimbilia picha kubwa kabla msomaji hajamaliza sentensi ya kwanza, na chura ameshalowa kabla hajaruka. Miswada mingi inayoitwa "haina msisimko" haina kasoro ya hadithi. Kilichoikosesha msisimko ni kufunua mahali pasipofaa, na dawa yake ni kusogeza aya moja nyuma au mbele.

Kwa watoto wa miaka minne hadi saba, maneno 300 hadi 500 yanatosha hadithi nzima, yaani 20 hadi 40 kwa kila jozi ya kurasa. Rasimu ya kwanza karibu kila mara huwa na mara mbili ya hayo, na kupunguza kunaanzia kwenye sifa za kuonekana. "Bibi, aliyevaa khanga nyekundu, alisimama mlangoni akiwa amekasirika sana." Khanga, rangi, mlango na hasira vyote ni kazi ya brashi. Kinachobaki kwa maneno ni kile ambacho picha haiwezi: "Bibi hakusema neno." Sasa mtoto anaitazama picha kujua kwa nini.

Kiswahili kina mitego yake kwenye kitabu cha picha. "Akamwambia ampe" ni sentensi safi wahusika wakiwa wawili. Wakiwa watatu, mtoto hajui nani anampa nani. Ama nirudie jina, ama picha ioneshe kwa macho na mikono: anayesema amtazame anayeambiwa, na kitu chenyewe kiwe mkononi mwa mwenye kukitoa. Mtego wa pili ni urefu wa vitenzi. "Hawakumkaribisha" lina silabi nane, na mtoto wa darasa la kwanza anayesoma kwa silabi akifika ya sita ameshasahau ya pili. Naruhusu kitenzi kirefu kimoja kwa sentensi, na sikikati mwisho wa mstari kwa kistari hata kama ukingo wa kulia utakaa vibaya. Mara nyingi "Wakanyamaza" pamoja na mchoro wa mlango uliofungwa ndi unafanya kazi hiyohiyo. Baada ya hapo nasoma yote kwa sauti nikiwa nimesimama. Nikikosa pumzi katikati ya sentensi, mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake ataikosa pia.

Mchana unaanza na karatasi ya mhusika. Mchore shujaa wako kutoka mbele, ubavuni na nyuma, ameketi, anakimbia, analia. Pima mwili kwa vichwa: mtoto wa miaka mitano au sita ana urefu wa kama vichwa vitano na nusu hadi sita vyake mwenyewe, mtu mzima saba au zaidi kidogo. Mtoto akionekana kama mtu mzima aliyepunguzwa, tatizo ni hapo, si usoni. Pembeni andika orodha ya vitu vinavyopotea njiani: vifungo vingapi, mkono gani una plasta, ndala ya mguu gani imekatika. Watoto huviona kabla ya mhariri.

Khanga nakaa nayo zaidi, kwa sababu wachoraji wengi huipaka kama kitambaa chochote cha maua. Khanga ina pindo inayozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maandishi, chini ya mji karibu na pindo ya upande mrefu. Ikifungwa kifuani au kiunoni, mistari ya pindo lazima ifuate mkunjo wa nguo. Ikinyooka kama rula, bibi anageuka ubao. Jina nalo ama lisomeke, ama lifichwe ndani ya mkunjo. Herufi za kubuni ni aibu tupu. Likisomeka, tayari una msimulizi wa pili: bibi anayeficha sinia la vitumbua nyuma ya mgongo huku khanga yake inasema "Mgeni njoo, mwenyeji apone" anamchekesha mama anayesoma, na mtoto atauliza mama anacheka nini.

Kabla ya tone lolote la rangi, kitabu cha mfano chenye michoro ya penseli huenda kwa watoto. Usiwaulize kama wamekipenda. Darasa litajibu "Ndiyooo!" kwa pamoja, kwa adabu, na hutakuwa umejifunza kitu. Mpe mtoto mmoja kitabu chenye picha tu, maneno yamezibwa, akusimulie. Anapokwama au anapomchanganya mhusika mmoja na mwingine, mchoro huo urudi mezani. Kisha soma kwa kundi ukitazama shingo zao: zinanyooka wapi, zinageukia dirishani wapi. Kurekebisha penseli ni kazi ya saa moja. Kurekebisha rangi ni kuanza upya.

Rangi za maji zinataka karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hiyo hujikunja, na maji hukusanyika mabondeni. Hewa ya pwani hukausha polepole, hasa wakati wa masika, na huko ndiko yanakotoka mabaka yenye kingo kama koliflawa. Hutokea pale brashi yenye maji mengi inapogusa rangi iliyokauka nusu: maji mapya huisukuma rangi ya zamani hadi ukingoni. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya baridi, bado ina unyevu hata kama haing'ai. Feni kwa mbali inafaa. Mashine ya kukaushia nywele ikisogezwa karibu huisukuma rangi na kukuachia mabaka yaleyale. Karatasi zisizotumika zikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, la sivyo ukungu unazila.

Vitabu vya Ulaya huagiza dirisha la kaskazini. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini na kupiga mezani moja kwa moja. Miezi hiyo meza yangu hutazama dirisha la kusini. Kuanzia Oktoba hadi Februari mambo hugeuka, nami huvuta pazia jepesi jeupe. Rangi za ngozi nazichanganya kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri tu. Baadaye mwanga huwa wa manjano na huidanganya kahawia.

Na ngozi nyeusi haipatikani kwa kahawia iliyoongezwa nyeusi. Hiyo hutoa uso uliokufa, kama majivu. Nachanganya kahawia ya udongo uliochomwa na bluu ya altramarini: kahawia ikizidi, ngozi ina joto, bluu ikizidi, una kivuli. Paji la uso, ncha ya pua na juu ya mashavu naacha rangi nyepesi ya anga, kwa kuwa ngozi nyeusi hung'aa na kuakisi mbingu.

Jioni skana inaingia. Nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wa kuchapwa, 600 kama mchoro utakuzwa. Skana ya A4 haimezi kurasa mbili kwa mpigo, hivyo pitisha vipande vinavyopandana kama sentimita 3, bila kuizungusha karatasi, maana ukiizungusha vivuli vya chembe za karatasi hubadili upande na kiungo huonekana. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. JPG hupoteza kidogo kila ikihifadhiwa upya. Picha ya simu ni ya kumtumia mhariri tu.

Picha ivuke ukingo wa ukurasa kwa milimita 3 kila upande, maana kisu cha mchapaji hakikati palepale kila mara. Maneno yakae angalau milimita 10 ndani ya ukingo. Uso wa mhusika usikae katikati ya jozi ya kurasa: kitabu cha gundi humeza milimita kadhaa mgongoni, na pua ndiyo huenda kwanza. Maandishi yawe tabaka lake, nyeusi tupu, wala yasichanganywe kutoka rangi zote nne za mtambo (samawati, majenta, manjano na nyeusi), kwani rangi moja ikihama hata kidogo herufi huwa na kivuli. Pia ukitaka toleo la Kiingereza au Kifaransa baadaye, hubadilishwa bamba la nyeusi peke yake, yaani sahani ya mtambo inayochapa rangi hiyo. Herufi za ukubwa wa pointi 18 hadi 24 zinafaa msomaji anayeanza, kwa fonti ambayo "a" yake inafanana na ile ya daftarini. Nyuma ya jalada acha eneo jeupe la kama milimita 37 kwa 26 kwa msimbo mistari.

Mwisho, dai nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika, si kwenye karatasi ya kung'aa ya printa ya ofisini. Karatasi isiyong'aa hunywa wino na kutanua nukta za wino zinazounda picha, na nyuso nyeusi ndizo huzama kwanza. Ukiona macho na mdomo vimemezwa, usiipandishe picha nzima mwanga. Anga na kuta zitafifia pee. Pandisha sehemu za kati za uso peke yake, punguza wino mweusi ulio chini yake, hakikisha jumla ya wino wa rangi zote nne (kila moja huhesabiwa hadi asilimia 100) haivuki asilimia 280, kisha omba nakala nyingine ya ukurasa huo na uilinganishe na ya kwanza karibu na dirisha.